Barua kwa Mjomba, kuhusu mashine uliyoipaka mafuta kila Ijumaa

Shikamoo Mjomba,

Siku ile tukiangalia taarifa ya habari, Bwawa la Julius Nyerere likionyeshwa, uliniuliza: "Nchi inajengwa hivi, mbona wewe huridhiki?" Nilikujibu juujuu kwa kuwa chakula kilikuwa kimeshaletwa. Kwa vile wengi wananiuliza hilohilo, nakujibu leo hadharani.

Nafurahi, Mjomba, tena sana. Megawati 2,115 za umeme wa bwawa hilo si mchezo; bwawa la Kidatu tulilojivunia miaka ile lina 204. Lakini ukifuata ukuzaji rasilimali wa Tanzania, yaani fedha zinazogeuka reli, mitambo na majengo, tangu Azimio la Arusha mpaka leo, unakuta mawimbi: tunapanda kwa kasi, kisha tunaporomoka.

Wimbi la kwanza unalijua kuliko mimi. Viwanda vya nguo vilifunguliwa, TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ikajengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860, kwa mkopo wa China usio na riba. Kisha ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei mwaka 1979, na dola za pamba na kahawa hazikutosha tena. Mitambo yetu karibu yote hutoka nje, kwa hiyo dola zikikauka, ujenzi unasimama, na kilichokwisha kujengwa kinakosa spea.

Hapo ndipo nakukumbuka wewe, fundi wa zamu pale kiwandani. Ulinisimulia mashine ya kufuma iliyosimama kwa kukosa kipuri kimoja, nawe kila Ijumaa ukaipangusa vumbi na kuipaka mafuta isishike kutu, ukisema spea zikija itawaka. Kwenye takwimu mashine ile ilihesabiwa siku iliponunuliwa. Kusimama kwake hakukuonekana humo, kwa sababu hesabu tunayotangaziwa hujumlisha kinachoongezwa mwaka huo bila kuondoa uchakavu.

TAZARA iliundwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka 2014/15 haikufikisha hata tani 100,000. Reli ilikuwepo, madaraja yalikuwepo; vichwa vya treni vilivyo vizima ndivyo vilivyokosekana. Ndiyo maana mwaka 2025 ukasainiwa mkataba wa kuifufua kwa takriban dola bilioni 1.4.

Jambo jingine, usishtuke ukisikia ukuaji wa rasilimali hizi umeshuka. Bwawa likikamilika, matumizi yake ya ujenzi yanakoma, asilimia inaanguka, na huo ndio wakati umeme unaanza kufanya kazi. Mimi naangalia bajeti ya matengenezo kwanza, kabla ya hotuba za uzinduzi. Reli ya kisasa inayofika Dodoma tangu 2024 itahitaji mafundi wa aina yako, wenye karakana na spea rafuni, kila mwaka, hata kama hakuna utepe wa kukata.

Nikija Mwanza nitakuletea picha za mabehewa mapya. Nawe nitafutie kwenye kumbukumbu zako: kile kipuri kilichokosekana kilikuwa kipi, na mlikisubiri muda gani?

Mpwa wako