Kwa mdogo wangu, uliyenunua boti bila kuniambia

Mdogo wangu,

Video nimeiona. Usiulize nani kanitumia, unaujua ukoo wetu. Boti nzuri, hongera. Nimeitazama mara nne, na mara zote nne macho yangu yalikuwa nyuma, kwenye povu. Umetoka gatini polepole, vizuri kabisa, halafu povu likaanza kupinda: kulia, kushoto, kulia tena. Na wewe umeukaba mkono wa mashine, ule wa kuongozea boti, kama mtu anayemzuia mbuzi asitoroke. Nikasema, ni yule yule.

Ningekupigia, lakini namba yangu unajua ulivyoifanya. Ndiyo maana naandika hapa. Wengine mtakaopita mtuwie radhi, haya ni ya nyumbani.

Kwanza nikutoe wasiwasi: mashine yako si mbovu. Boti yenye tumbo bapa, isiyo na mkuku, ule uti wa chini ya boti, ikienda polepole haina cha kujishikizia majini. Ikikimbia inajinyoosha yenyewe. Lakini kwenye kilomita 5 au 6 kwa saa, kinachoshika njia ni lile pezi dogo chini ya propela, basi. Omo, yaani mbele ya boti, ikishaanza kugeuka haiachi eti kwa sababu wewe umeacha kuisukuma, inaendelea kwa uzito wake. Ukiona imepitiliza unairudisha kwa nguvu, nayo inapitiliza upande wa pili. Hapo unalipa deni kwa kukopa.

Sukuma mkono kidogo, upana wa vidole viwili, halafu subiri. Subiri kweli, usijidanganye. Boti inachelewa kujibu, na wewe tangu utotoni hujawahi kumsubiri anayechelewa kukujibu. Omo ikianza tu kuitikia, kabla haijafika unakotaka, rudisha mkono katikati. Na usiitazame omo. Tafuta vitu viwili mbali mbele yako, kimoja nyuma ya kingine, nguzo na paa, mti na mnara, chochote. Vikiachana ujue umeshatoka njiani. Unakumbuka Baba alivyokuwa anatuinua kidevu kwa kidole kimoja, bila kusema neno? Wewe ulikuwa unacheka. Mimi nilikuwa nakasirika.

Halafu angalia pale mashine inapozungukia, kuna skrubu ya kukazia. Ikilegea sana, mashine inacheza yenyewe na mkono wako unachoka kwa kazi isiyo yake. Ikaze mpaka ukiuachia mkono kidogo ubaki ulipo, lakini usiikaze hadi ukashindwa kukata kona ghafla. Propela nyingi zikienda mbele huzunguka kulia ukizitazama kutoka nyuma, na hapo tezi, yaani nyuma ya boti, inasukumwa kulia kidogo, omo inakwenda kushoto. Ni jambo dogo. Utalizoea bila kujijua.

Jambo kubwa ni uzito, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Boti ikilala kushoto, kwa mwendo mdogo omo inakimbilia kulia. Haihitaji kulala sana. Tangi la lita 20 likijaa petroli ni kama kilo 15, na ukiliweka ubavuni, halafu mtu akakaa ubavu huo huo, utashindana na boti safari nzima ukidhani hujui kuendesha. Na maji ya ngamani, yale ya chini tumboni mwa boti, uyafue uyamwage kabla hujang'oa nanga. Lita 40 ni kilo 40, na zinahama kila boti inapoyumba, zinakwenda kule kule usikotaka.

Siku ile tangi lilikuwa kushoto. Mimi ndiye niliyeliweka.

Siku ile unaijua. Mama alikuwa ametoka hospitali asubuhi ile, nyuzi bado mbichi, amekaa ubao wa katikati, mkono mmoja tumboni na mwingine kwenye ukingo. Mimi nilikuwa omo, upande wa kushoto, nikimtazama yeye. Upepo ulikuwa unatoka kushoto. Wewe ulikuwa nyuma, na boti ilikuwa inakwenda mrama, sina neno jingine. Kila ikipinda, Mama anafumba macho. Mara moja alifungua akauliza, "Mnanirudisha nyumbani au mnanitembeza?" Wewe ulicheka. Mimi niliona midomo yake imekauka, na kicheko chako kikanichoma.

Nilikwambia mara tatu uipe moto kidogo. Ulisema kuna mawimbi, Mama ataumia. Ulikuwa na haki, nakubali. Lakini ungeweza kunijibu kama mtu anayejibu dada yake, si kwa kunionyesha kiganja. Na mimi ni mkubwa. Aliyesaini makaratasi ya hospitali ni mimi, na nilikuwa sijalala siku mbili. Mtu yeyote angenyanyuka.

Wahenga walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi sikurejea ngamani. Nilimruka Mama nikaja moja kwa moja tezi, nikaushika mkono wa mashine juu ya mkono wako. Zimebaki mita kumi hivi kufika gatini. Na wewe ukachomoa ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine.

Hilo ndilo nimelibeba miaka 3. Kukasirika, sawa. Kuninunia, sawa. Lakini kumzimia mtu mashine wakati ameshika usukani, na Mama yumo! Boti ya namna ile propela ikisimama haina usukani tena, ule mkono unabaki kijiti tu. Nilikisukuma kushoto, nikakisukuma kulia, nikikuita jina lako lote, na upepo unatubeba. Tukaigonga nguzo kwa ubavu wa kulia. Mama akaumia kiwiko. Wewe ukaruka gatini, ukafunga kamba ya mbele, ukamshusha Mama kama unashusha yai, ukaondoka. Hata hukunitazama.

Nimelisimulia hili kwa watu wengi, na wote wamenipa haki. Labda kwa sababu la tangi sikuwahi kuwaambia.

Mwaka jana nilianza kuiendesha boti ya Baba mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine. Nikiwa peke yangu nyuma, tezi inazama, omo inanyanyuka, na upepo mdogo tu unaigeuza kama karatasi. Nikasogeza tangi mbele, katikati, na dumu la maji mbele yake. Ikatulia. Nikapandisha na kushusha mashine tundu moja moja kwenye ile pini ya kuinamishia, nikapata mahali inapoona raha. Ukiiinamisha sana kuja kwa boti, omo inachimba maji na inaanza kutangatanga upya. Ya kwako utaitafuta mwenyewe, kila boti na tabia yake. Lakini ndiyo siku nilipoelewa kwamba nilipotoka omo kuja kukunyang'anya, kilo zangu zote (usicheke) zilitua palepale uliposhindwa kuziweza. Kabla sijashika chochote nilikuwa nimeshauachia upepo omo.

Sisemi kwamba ulikuwa unaendesha vizuri. Video nimeiona.

Kamba nyekundu ninayo. Ile iliyojiviringa kama waya wa simu ya zamani, fupi, na klipu yake ya plastiki. Ulikuwa umeifunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ule ule ulioshika mashine, kama Baba alivyotufundisha. Juzi, boti ikiwa imefungwa gatini mbele na nyuma, niliifunga kifundoni kwangu vile vile, nikawasha mashine, gia iko huru. Nikamwita mwanangu, yule uliyemwacha anatambaa, sasa ana maneno kuliko sisi wote. Nikamwambia, njoo uninyang'anye, vuta mkono wangu kwa nguvu.

Mashine ikazima kabla hajaushika vizuri.

Nikarudisha klipu, nikawasha, nikamwambia arudie. Ikazima. Mara ya tatu akakataa, akaniuliza kwa nini nalia.

Mama anakusalimu. Kiwiko kilipona zamani.

Dada yako