Shukrani kwa dada wa uwanja wa ndege, Toronto

Assalaam aleikum. Dada uliyemsaidia mamangu wiki jana uwanja wa Pearson, Toronto, Mungu akujaze kheri.

Mama alitoka Lamu kwa boti hadi Manda kupanda ndege, akaenda Nairobi, kisha Doha, halafu takriban saa 14 angani. Alifika miguu imevimba, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu. Kwenye zile mashine za kuuliza umebeba nini, akasimama asijue abonyeze wapi. Begini mna halwa, visheti na achari ya maembe (nani aende kwa mjukuu mikono mitupu?).

Ukaiona leso yake. "Shikamoo mama, watoka Pwani?" Anasema hapo ndipo alipopumua. Ukamsomea swali baada ya swali, ukamwambia akitaje kila chakula, hata achari, maana Kanada kunyamaza ndiko kunakoleta faini. Afisa akachungulia begi, akampitisha na halwa yake. Kiti cha magurudumu nacho ukakitafuta wewe.

Jina hukutaja, ulisema tu kwenu ni Malindi, Shela. Anayemjua amfikishie salamu, na akija Lamu chakula cha mchana ni kwetu.