Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa jimbo la Haut-Katanga, Kongo: muuguzi akisoma, msimwondoe kwa mgonjwa

Mheshimiwa Waziri,

Pole na kazi. Mimi ni muuguzi A1, yaani niliyesomea uuguzi chuoni baada ya sekondari, mwaka wa kumi na tisa sasa katika wodi ya magonjwa ya ndani, kwenye hospitali moja ya hapa Lubumbashi. Sitaitaja, kwa sababu bado inanipa primu (posho), hata kama ni ndogo. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua zinazopitia ngazi huwa zinalala njiani.

Nianze na usiku mmoja. Mama mmoja wa Kenya (komini yetu, si nchi) aliletwa na watoto wake saa nane usiku, amelowa jasho, maneno hayashikani. Nyumbani walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba ni malaria imepanda kichwani. Lakini binti yake alishika kifuko cha vidonge vya ugonjwa wa sukari, glibenklamidi. Nilimtoboa mama kidole: sukari 34, chini mno. Daktari wa zamu alikuwa mmoja kwa hospitali nzima, na saa ile alikuwa chumba cha upasuaji, anamtoa mtoto tumboni. Kanuni yetu inasema muuguzi asitie dawa kwenye mshipa bila maandishi ya daktari. Ubongo uliokosa sukari hauna muda wa kungoja maandishi. Nilifunga mkono, nikapata mshipa, nikasukuma glukozi ya asilimia 30 polepole, macho usoni pake. Sindano ya tatu haijaisha akaniuliza viatu vyake viko wapi.

Hapo kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Vidonge vile vinaweza kuishusha sukari tena saa kadhaa baadaye, mgonjwa ukidhani amepona. Nilimwekea serumu (maji ya mshipani), nikawa namtoboa kidole kila saa mpaka kukacha, na bandeleti (vijiti vya kupimia sukari) zilipokwisha tulikopa wodi ya watoto. Jambo hilo la sukari kurudi chini sikufundishwa darasani. Nilifundishwa na mwenzangu mmoja kwenye korido, tumesimama, mkononi kikombe cha chai.

Asubuhi daktari alitia sahihi. Fishi (karatasi ya matibabu) ya mama yule ina mwandiko wangu wa wino wa buluu na sahihi yake ya wino mweusi, kana kwamba yeye ndiye aliyeagiza saa nane usiku. Wiki iliyofuata ofisi ikaniletea barua ya kuniomba maelezo. Niliandika maelezo. Sikuwa na hasira kubwa, maana, mbali na kanuni ile, sijawahi kuonyeshwa karatasi inayosema mtu kama mimi afanye nini daktari akiwa hayupo. Wagonjwa, kwa upande wao, wananiita docta. Usiku ule sikupata nafasi ya kubishana nao.

Mheshimiwa, kazi hii ina jina kwingine: uuguzi wa ngazi ya juu. Marekani waliianza mwaka 1965, huko Colorado, muuguzi Loretta Ford pamoja na daktari wa watoto Henry Silver. Ufaransa iliiingiza katika sheria mwaka 2016, na mwaka 2018 ikapanga namna ya kuifanya: muuguzi awe amefanya kazi miaka mitatu, asome miaka miwili chuo kikuu kwa daraja la masta, kisha awafuatilie wagonjwa wa magonjwa ya kudumu, aagize vipimo na kuandika upya dawa zao, kwa mapatano na daktari. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Vuka Kasumbalesa, utakuta Zambia ina matabibu wasio madaktari wanaochunguza na kuandika dawa, na sheria inawajua.

Na hapa kwetu? Muuguzi anayeongoza kituo cha afya kijijini anapokea wagonjwa peke yake, ordinogramu (mwongozo wa hatua za kufuata) mezani, anaandika dawa, na sisi wote tunaona sawa. Mlete hospitali kubwa mjini, kalamu inanyang'anywa. Na yule muuguzi wa anesthesia ndiye anayelaza watu wetu usingizi wa upasuaji na kuwaamsha. Tunamwamini na pumzi ya mtu. Mimi kwa chupa ya glukozi naandika maelezo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Katika nchi yetu, kadiri muuguzi anavyosoma, ndivyo anavyokwenda mbali na kitanda. Wenzangu waliorudi ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, kutafuta A0, daraja la juu ya A1, walikuta njia za kuchagua: usimamizi wa taasisi za afya, afya ya jamii, ualimu na uongozi wa uuguzi. Zote ni kazi nzuri. Lakini hakuna hata moja inayokurudisha kwa mama mwenye sukari 34 ukiwa unajua zaidi ya jana. Wodi yetu ilikuwa na mwenzetu aliyekuwa akisikiliza kifua na kujua maji yamefika wapi kabla ya picha. Alisoma, akapata A0, leo anahesabu karatasi ghorofani. Tulimpigia makofi siku ile, mimi nikiwa wa kwanza.

Madaktari wataogopa, na sitawalaumu. Shule za uuguzi zimeota kila kona, na wako A2, wa ngazi ya sekondari, wanaomaliza bila kugusa wagonjwa wa kutosha. Ukiwapa hao kalamu, tutazika watu. Ndiyo maana siombi kalamu ya bure. Naomba mafunzo ya kitandani: muuguzi mwenye miaka ya kazi akae na daktari mmoja kwa miezi, wapite pamoja kitanda kwa kitanda, afikirie kwa sauti mbele yake, akosee mbele yake, na saa hizo ziandikwe kwenye orodha ya zamu kama kazi. Zikiachwa kwa hisani ya mtu, zitakufa mwezi wa pili.

Najua programu za ISTM zinaamuliwa Kinshasa. Ila Katiba, ibara ya 204, imeyapa majimbo upangaji wa watumishi wa afya na uendeshaji wa huduma za matibabu. Kwa hiyo chagua hospitali moja, wodi moja. Kaa na madaktari na Baraza la Wauguzi mwandike ukurasa mmoja: sukari ikiwa chini, mtoto akiwa na degedege, mama akitokwa na damu baada ya kuzaa, muuguzi aliyefunzwa anaanza nini kabla ya daktari kufika, na anaishia wapi. Mrudishe A0 mmoja wodini, nusu ya juma tu. Tena asipoteze primu yake ya ofisi, la sivyo hatarudi, hata mimi nisingerudi. Na kabla ya yote hayo, kuna wauguzi wenye miaka kazini ambao mshahara wa serikali hawajauona. Usiwaongezee daraka juu ya tumbo tupu.

Kama unataka kuona ninachosema, njoo usiku, bila msafara. Niko zamu Jumanne na Ijumaa. Mlinzi wa langoni atakuuliza umemletea nani chakula. Mwambie wodi ya ndani, atakupitisha.

Muuguzi A1, Lubumbashi