Beijing isisingiziwe

Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia. Ile habari yako ya Jumapili, ya wanaume wasiopisha wanawake kwenye daladala, ndiyo imenitoa kimya. Mwandishi wako kamaliza kwa kusema zama zimebadilika. Hapo ndipo tulipoachana.

Alhamisi jioni nilipanda la Gongo la Mboto pale Kariakoo. Tulipofika Tazara gari limeshiba, akapanda dada mjamzito, mimba imeshuka, na mtoto wa miaka kama mitatu. Mkono mmoja kashika bomba, wa pili kamkumbatia mtoto. Kila suka akikanyaga breki, paji la uso la mtoto linagonga chuma cha siti. Kwenye siti hiyo hiyo kakaa kijana mwenye nguvu zake, anatazama mpira kwenye simu. Nikamwambia, "Mwanangu, mpishe dada yako." Hata shikamoo hakunipa. Akajibu, "Bibi, si mlikwenda Beijing mkataka hamsini kwa hamsini? Basi na tusimame hamsini kwa hamsini." Gari zima likacheka. Konda akacheka. Na wanawake walicheka, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikasimama mimi, miaka 63 na goti bovu, nikashika bomba hadi Ukonga.

Namjibu hapa, maana mle ndani sauti ilinikauka. Mkutano wa Beijing, ule wa dunia kuhusu wanawake, ulikuwa Septemba 1995, na katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella. Maazimio yake yaligusa maeneo 12: umaskini, elimu, afya, ukatili, mtoto wa kike na mengineyo. Tulidai msichana asome, mama asife akijifungua, mke asipigwe. Wapi pameandikwa kwamba mwenye mimba asipishwe? Marehemu baba yangu hakujua Beijing iko upande gani wa dunia, lakini akipanda mwanamke mwenye mzigo alinyanyuka kabla ya kuombwa, na mama yangu akipishwa alisema, "Asante baba, Mungu akuzidishie." Hakuna aliyejiona kashushwa. Na mabinti wanaopishwa siti wakanuna, "kwani mimi mgonjwa?", nao wanakosea. Sema asante kwanza, kisha kama hutaki kukaa, simama.

Halafu miguu inayokosa nguvu ya kusimama ndani ya gari, kule stendi mikono yake ina nguvu za kutuvuta! Mpiga debe anamkamata binti kiwiko, anamwita majina, asipoitika anatukaniwa mama yake. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu siku hizi anashuka kituo kimoja kabla na kutembea juani, ili asipite pale. Mbona hilo hamliandiki?

Pendekezo langu ni hili. Siti mbili za nyuma ya dereva zipakwe rangi ya kijani. Konda, kabla hajagonga bati gari liondoke, aangalie nani kasimama na mimba, na mtoto au na fimbo, kisha amtaje wa kumpisha kwa rangi ya shati: "Kaka wa shati jeupe, mpishe mama." Abiria ambaye hajalipa nauli anamtambua hata akiwa siti ya mwisho gizani. Na hilo la shati halitamshinda.

Mwalimu mstaafu,
Ukonga, Dar es Salaam