Malalamiko: tairi za mbele kulika ndani baada ya gari kushushwa

Meneja wa Huduma,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: SUBARU IMPREZA ILIYOSHUSHWA MILIMITA 40 NA ALAIMENTI ISIYOKAMILIKA

Gari hili lilifungwa springi fupi gerejini kwenu na kufanyiwa alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa mielekeo ya magurudumu, siku hiyohiyo. Tairi za mbele, 215/45 R17, zilikuwa mpya. Baada ya kilomita 3,800, upande wa ndani umebakiwa na kina cha milimita 1.5, katikati 5, nje 6.5. Alama ya kuisha kwa tairi iko kwenye milimita 1.6, kwa hiyo zote mbili ni za kutupa.

Jibu la fundi wenu lilikuwa kwamba ni mashimo ya Kampala. Shimo hupiga gurudumu moja, hupinda rimu au mkono (chuma kinachoshika gurudumu) wa upande mmoja. Hizi zimelika sawasawa kulia na kushoto. Fundi wa pili akasema gari likishushwa lazima tairi zilale kwa juu na kula ndani. Kulala kwenyewe, yaani kemba, ni kweli kupo: nyuzi 1.8 hasi kushoto na 1.6 kulia. Lakini kemba pekee hula taratibu, na hulainisha. Pitisheni kiganja juu ya tairi hizi kutoka ndani kwenda nje, kinateleza. Kirudisheni, kinakwaruzwa kama kwa msumeno. Hiyo ni kazi ya tou, yaani mwelekeo wa pua (ukingo wa mbele) za magurudumu: hapa zimetazama nje.

Kipimo cha gereji nyingine kinathibitisha hivyo. Mbele, tou ni milimita 8 kwenda nje kwa jumla, 4 kila gurudumu, wakati gari hili linatakiwa kuwa karibu na sifuri. Kwa rimu ya inchi 17, hiyo ni sawa na kuliburuza kila gurudumu upande kwa takriban mita 9 katika kila kilomita. Tairi gani itastahimili hilo hadi Jinja na kurudi?

Chanzo chake kinajulikana kwa yeyote anayeshusha magari. Mkono wa chini na tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) havizunguki kwenye tao moja, hivyo kimo kikibadilika tou nayo inahama. Kisha kemba ikisogezwa kwa bolti ya juu ya shokapu, tou inahama tena. Ndiyo maana kemba hutangulia na tou hufuata. Nati za kufungia tairodi bado zina kutu na vumbi la zamani. Hakuna spana iliyozigusa. Karatasi mliyotoa ina vipimo vya kabla tu, tena vya mbele peke yake.

Nyuma hapakuguswa kabisa. Pua ya gurudumu la kushoto imeingia ndani milimita 4, ya kulia iko sifuri, ndiyo maana usukani unalala kulia gari likienda moja kwa moja. Nyuma ndiko huanziwa, mbele inafuata.

Lipo na la bushi, mipira ya maungio ya mikono. Bolti za mikono ya chini zilikazwa gari likining'inia kwenye lifti. Likishushwa chini, mpira unabaki umesokotwa, unavuta kama springi na kupasuka mapema. Wa kushoto umeanza kuchanika.

Tunadai tairi mbili za mbele za saizi na daraja lilelile, na bushi ya kushoto, kwa gharama yenu. Bolti za mikono zilegezwe na kukazwa upya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Upepo upimwe, tairodi na bolijointi (viungo vya mviringo vya mikono) zikaguliwe kama zina mchezo, kisha alaimenti ya magurudumu manne ifanywe usukani ukiwa umefungwa katikati, na karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada itolewe. Taa za mbele pia zielekezwe upya. Kimo kimebadilika na hakuna aliyezigusa.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ustadi. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Gari limeegeshwa, kwa sababu tairi hizo hazifai kwa barabara yenye maji. Mtakapokuwa tayari, leteni gari la kulibeba.

Wako,
Msimamizi wa Magari