Cheti cha teknolojia na jamii kisiwe pambo la ukutani

Mhariri,

Mhandisi husoma miaka mitano chuoni, na mara nyingi hutoka bila kuulizwa hata siku moja ni nani ataumia mtambo wake ukianza kunguruma. Mwenzake wa sosholojia naye hujadili athari za teknolojia miaka minne asifungue hata simu mbovu akaona kilichomo. Kwa hiyo tunaunga mkono rai ya kuwa na cheti cha teknolojia na jamii, kinachosomwa sambamba na shahada ya kwanza, katika vyuo vikuu vya Pwani ya Kenya. Ila cheti cha aina hii ni rahisi mno kukiharibu: mwanafunzi huokota yuniti zilizokuwamo tayari kwenye ratiba yake, akapewa karatasi ya pili kwa kazi ileile.

Tunapendekeza yuniti sita, kila moja ya saa 45: moja ya msingi, mbili za teknolojia, mbili za jamii, na mradi. Zinazohesabiwa pia kwenye shahada zisizidi mbili. Wahandisi watanung'unika, maana ratiba yao imejaa pomoni, lakini tukiruhusu nne kazi mpya itakuwa yuniti mbili tu. Zile yuniti wanazosoma wanafunzi wote, kama stadi za mawasiliano na maarifa ya ukimwi, zisihesabiwe kamwe kuwa za jamii. Zina faida zake, ila tunajua ndizo zitakazokimbiliwa kwanza. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa fasihi asipewe somo la kuchapa barua kwenye kompyuta likaitwa teknolojia. Apate saa 30 za mihadhara na saa 45 za maabara, kila saa tatu za maabara zikihesabiwa saa moja. Apime umeme unaoliwa na friza ya muuza samaki, aandike programu fupi ya kuchambua takwimu, afungue chaja iliyoungua atafute kilichoiunguza. Hisabati ya kidato cha nne inatosha, mradi mhadhiri asianze na kalkulasi.

Yuniti ya msingi isomwe mwaka wa pili, muhula wa kwanza. Ifundishwe na wahadhiri wawili walioko darasani kwa wakati mmoja, mmoja wa uhandisi, mwingine wa historia au sosholojia. Wakigawana wiki, huyu saba na yule saba, wanafunzi watapata masomo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja.

Mifano haihitaji kuagizwa ng'ambo. Upo mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila misumari. Mhandisi aeleze kwa nini ubao ulioshonwa hunyumbuka pale uliopigiliwa unapopasuka, na mwanahistoria aeleze ufundi huo ulikuwa mikononi mwa nani na kwa nini ulikoma. Ipo SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwisho wa Mei 2017. Agizo la Agosti 2019 la kupeleka makontena bara kwa reli lilileta maandamano Mombasa, kwani lori likisimama husimama pia fundi wa magurudumu, mwenye kibanda cha chakula Mariakani na mwenye gesti Mtito Andei. Mwanafunzi achore mnyororo huo wote, akokotoe gharama ya kusafirisha kontena moja kwa njia zote mbili, kisha aonyeshe ni gharama ipi haikuandikwa kwenye risiti yoyote.

Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, nayo ni darasa tosha. Madini ya risasi kutokana na uyeyushaji wa betri kuukuu yaliingia katika udongo na katika damu za watu. Mahakama ya mazingira na ardhi iliamua wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni Julai 2020, na baada ya vuta nikuvute ya rufaa, Mahakama ya Juu ilirejesha uamuzi huo Desemba 2024. Hapo wa kemia afuate njia ya moshi na maji machafu, na wa sayansi ya siasa afuate njia ya karatasi za leseni. Njia hizo mbili zikikutana kwenye ukurasa mmoja, yuniti imefanya kazi yake.

Katika yuniti mbili za jamii, moja lazima iguse Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliona kuwa utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vya kidijitali, ulikiuka sheria kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Basi kila mwanafunzi aiandike tathmini kama hiyo walau mara moja, kwa mfumo mdogo, tuseme wa chama cha akiba au zahanati: ni data gani inakusanywa, ya nini, nani anaiona, inafutwa lini. Ikivuja, ni nani atakayemwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72? Wengi hukwama hapo kwenye kufuta, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba data hufutwa.

Sasa mradi. Huu ufanywe na wanafunzi wawili wawili, mmoja wa sayansi na mmoja wa sanaa, na hili ndilo sharti ambalo lisilegezwe hata kidogo. Kila mmoja aandike ripoti yake ya maneno 4,000, lakini data na kifaa viwe vya pamoja, na kila jozi iwe na wasimamizi wawili wa idara tofauti. Hesabu nayo inapendelea jozi. Wanafunzi 40 wakifanya kila mtu peke yake huhitaji nafasi 80 za usimamizi. Mhadhiri akibeba miradi mitano, ni wahadhiri 16. Kwa jozi ni miradi 20, nafasi 40, wahadhiri wanane. Idara zetu zinaweza kuwapata wanane.

Miradi mingi ya wanafunzi hufia kwenye vibali. Pendekezo likiandikwa mwaka wa mwisho, kamati ya maadili ikakaa, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ikasubiriwa, muhula umekwisha na mwanafunzi anabuni majibu ya hojaji chumbani kwake. Pendekezo liwasilishwe muhula wa pili wa mwaka unaotangulia wa mwisho, kufikia wiki ya sita. Majina na namba za simu za wahojiwa zihifadhiwe mbali na majibu yao, na picha za mazungumzo ya WhatsApp zisitumiwe bila idhini ya waliomo.

Ratiba ni adui mwingine, maana kila kitivo hupanga yake. Ateuliwe mratibu mmoja, na kitengwe kipindi kimoja kisichoguswa na kitivo chochote: Jumatano, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Ijumaa mchana haifai, na Mombasa hakuna haja ya kueleza kwa nini. Jioni pia haifai kwa anayevuka feri kurudi Likoni. Mratibu huyo abaki na nakala iliyotiwa saini ya kila orodha ya alama, kwa kuwa alama za yuniti ya kitivo cha nje ndizo hupotea kwanza, na mwanafunzi hugundua siku anapotafuta jina lake kwenye orodha ya mahafali. Alama ya kupita iwe 50, si 40. Atakayeanguka arudie mara moja tu, na akishindwa shahada yake isicheleweshwe.

Jina pia litaleta utata. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, shahada ya kwanza iko ngazi ya 7, stashahada ya 6, na cheti cha ufundi cha 5. Mwajiri akisoma "cheti" atadhani mhitimu alianzia chini. Kwa hiyo kisitolewe peke yake: kiandikwe ndani ya nakala ya matokeo ya shahada, chini ya jina la shahada yenyewe, pamoja na yuniti zote sita na kichwa cha mradi. Na karo ya zile yuniti nne za ziada itangazwe kabla ya mwanafunzi kujisajili, si baada.

Wahadhiri watatu,
Mombasa.