Kunguru anasingiziwa

Mhariri,

Naomba nafasi nimtetee kunguru, ndege ambaye hapa Dar es Salaam hana wakili. Kunguru hawa waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka. Leo wamejaa miti yote ya Upanga, na gari likilala chini yake, asubuhi boneti ni madoa matupu. Sawa. Lakini mengi ya magari ninayoletewa gereji huku Gerezani hayakuharibiwa na kunguru. Yana mikwaruzo ya duara duara, kazi ya kijana muosha magari aliyekuta doa limekauka, akashika waya wa kusugulia sufuria na sabuni ya unga.

Rangi ya magari ya siku hizi hufunikwa na klia, yaani tabaka la juu linaloonyesha ndani na kung'aa, unene wake mikroni 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Ukiisugua ikaisha, imeisha.

Doa la ndege hulowekwa. Gari liwe kivulini, bodi ipoe. Chovya kitambaa laini kwenye maji vuguvugu yenye sabuni ya maji, kilaze juu ya doa dakika 10, nenda kanywe chai. Ukirudi futa taratibu, bila kukandamiza. Likigoma, laza tena. Usikwangue kwa ukucha, kwani kinyesi kina chembe za mchanga na mbegu. Utomvu wa mwembe hauogopi maji: mimi huutoa kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, nasuuza papo hapo, halafu napaka nta. Lami hulegea kwa mafuta ya taa, kisha sabuni. Thina tuachieni mafundi. Nimeletewa mlango uliovuliwa rangi mpaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, kwa sababu ya tone moja la lami!

Kunguru naye ana lake, sikatai. Ule weupe ni asidi ya yuriki, na ukipikwa na jua letu hula klia na kuacha kovu. Hapo sabuni haina kazi. Panataka kampaundi (dawa ya kung'arishia rangi), mashine, na mkono unaojua kuacha mapema.

Wenye biashara ya kuosha magari, wanunulieni vijana vitambaa laini na ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia. Nawe mteja unayepiga honi ufanyiwe haraka, hizo dakika 10 zina nafuu kuliko bei yangu ya kupiga boneti rangi upya, ambayo siku hizi hata mwenyewe naona haya kuitaja.

Fundi rangi,
Gerezani, Dar es Salaam